Mtego Uliomnasa Mwaminifu

Waheshimiwa wageni waalikwa, waajiri mliokuja na familia zenu, wafanyakazi wa majumbani mliopewa ruhusa ya nusu siku ili mfike hapa, nanyi mliofika bila ruhusa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie uaminifu wa mtumishi wa nyumbani. Nadhani wengi mlitarajia nitoe nasaha kwa watumishi: wasiibe, wasidanganye, wasipokee bahasha ya mtu wasiyemjua. Nasaha hizo wamezisikia tangu siku waliyokabidhiwa ufagio, na sioni haja ya kuzirudia. Maneno yangu ya leo yanawaelekea zaidi wenye nyumba, kwa sababu sisi ndio tunaoupima uaminifu wa mtumishi mara kwa mara, kwa njia zilizo wazi na zilizofichika, na sijasikia mahali tulipokaa tukaulizana nani hubeba gharama ya kipimo hicho, hasa pale mtumishi anapofaulu.

Mniruhusu nianze na mama yangu mzazi. Alifanya kazi katika nyumba ya watu kwa miaka 11. Alifua, alipika, alilea watoto wawili tangu wakiwa wa kubebwa mpaka wakaanza shule, na alikuwa na ufunguo wa kila mlango isipokuwa wa kabati moja la chuma lililokuwa chumbani kwa mwenye nyumba. Na hata huo alijua ulikowekwa. Siku moja, akiwa njiani kurudi kazini, alisimamishwa na mtu nadhifu aliyemwita dada, akamjulia hali, kisha akawaulizia wale watoto kwa majina yao. Mtu huyo alisema anahitaji karatasi fulani zilizomo katika kabati lile, azitoe nakala na kuzirudisha siku hiyohiyo, wala hapana atakayejua. Akafunua bahasha aione. Mama anasema fedha zilizokuwamo zilizidi mshahara wake mara nane. Anasema vilevile kwamba fedha hazikumtikisa sana kama yale majina ya watoto, kwa maana mgeni asiyeijua nyumba hawezi kuyajua.

Alikataa. Usiku uleule alimweleza mwenye nyumba, naye akamshukuru kwa maneno mazuri, kisha akamwomba jambo ambalo mama hakulitegemea: arudi kwa yule mtu, amwambie amebadili mawazo, ampelekee bahasha yenye karatasi zisizo na maana, ili akamatwe akiwa amezishika. Tena asimwambie mama mwenye nyumba, kwa kuwa hatakiwi kuingiwa na hofu. Mama hakutaka. Lakini aliyekuwa akimwomba ndiye aliyekuwa akimlipa, na ombi la mwajiri kwa mtumishi halikataliki kwa urahisi kama ombi la jirani. Kwa muda wa wiki 3 akaishi na nyuso mbili: kwa yule mtu akijifanya mwizi, na kwa mama mwenye nyumba akijifanya hana lolote moyoni.

Mtego ulinasa. Yule mtu alipobanwa alimtaja aliyemtuma, naye akawa ni mdogo wake mwenye nyumba, aliyekuwa akitafuta hati za mali ya urithi. Ndugu walikaa, walilia, walisameheana, na jambo la ukoo likarudi ndani ya ukoo. Baada ya hapo ndipo walipomkumbuka aliyebaki nje ya ukoo akiwa anayajua yote. Mama mwenye nyumba alimuuliza mama yangu swali ambalo hakuweza kulijibu: “Ikiwa uliweza kumdanganya yule mtu kwa wiki 3, na mimi pia ukanidanganya huku unanitazama usoni, nitajuaje kwamba leo hunidanganyi?” Mwisho wa mwezi aliachishwa kazi. Mlangoni walimpekua mkoba. Hapakupatikana kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu, lakini alipekuliwa mbele ya watoto aliowalea.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo, na nilielewa tu kwamba mama amekosa kazi. Miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya sheria, nilikutana na kisa chake kikiwa kimeandikwa kabla yake kwa zaidi ya miaka 1,800. Kimo katika mafunzo ya Gaius, mwanasheria wa Kirumi wa karne ya 2. Anauliza hivi: mtu amemshawishi mtumwa wangu aniibie vitu na kumpelekea, mtumwa amenijulisha, nami, kwa kutaka kumkamata mshawishi palepale, nimemruhusu mtumwa avipeleke vitu hivyo. Je, mshawishi huyo ana hatia ya wizi, au ana hatia ya kumharibu mtumwa wa mtu, au hana hatia yoyote?

Kosa hilo la pili linahitaji maelezo kidogo. Sheria ya Kirumi ilimpa bwana haki ya kumdai mtu aliyemharibu mtumwa wake kwa ushawishi, na kiwango cha madai kilikuwa mara mbili ya hasara. Wanasheria wao walilichunguza kosa hili kwa makini ambayo yananishangaza hadi leo. Walisema kwamba hata aliyemsifu mtumwa ambaye tayari alikuwa na nia ya kutoroka au kuiba ana hatia, kwa sababu haifai kuongeza ubaya wa mtu kwa kumsifia. Walijua kuwa hongo si fedha peke yake. Sifa nayo hupenya.

Jibu analolieleza Gaius ni kwamba mshawishi hana hatia ya lolote kati ya hayo mawili. Si wizi, maana vitu vilichukuliwa kwa ridhaa ya mwenyewe. Si kuharibu mtumwa, maana mtumwa hakuharibika. Kwa maneno mengine, uaminifu wa mtumwa ndio uliomwokoa mhalifu: angepokea hongo, mhalifu angelipa mara mbili; kwa kuwa aliikataa, mhalifu akaenda zake. Jibu hilo halikuwatuliza wanasheria, na ubishi ulidumu mpaka zama za mtawala Justinian, ambaye mwaka 530 aliukata kwa kuamua kwamba mshawishi awajibike kwa yote mawili, wizi na kuharibu mtumwa. Sababu yake imeandikwa wazi: akiachwa bila adhabu, atajaribu tena kwa mtumwa mwingine aliye mwepesi kuharibika.

Ninamheshimu Justinian kwa uamuzi huo. Aliona kuwa ubaya wa hongo unaanzia kwenye mkono unaoitoa, na kwamba anayeitoa hasafishwi na usafi wa aliyeikataa. Fikra hiyo ingali hai: Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unahesabu kuwa kosa ile ahadi au kule kutoa kwenyewe kwa mtumishi wa umma, awe amepokea au hakupokea. Lakini someni tena kisa cha Gaius na uamuzi wa Justinian, mkimtafuta yule mtumwa. Hayumo. Anaonekana kama chombo kilichobeba vitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wametafakari mali ya bwana, wametafakari nia ya mshawishi, wametafakari kama mtumwa ameharibika thamani. Hakuna aliyeuliza alilalaje usiku wa kuamkia siku ya kupeleka vitu, wala kama mshawishi alikuwa na kisu, wala bwana alimfanyia nini kesho yake. Kwao mtumwa alikuwa mali, na hatuwezi kuwategemea wamwulize hali. Sisi tunasema mtumishi ni mtu huru mwenye mkataba, kisha tunamtumia kama chambo vilevile. Ndiyo sababu kisa hiki hakiniachi.

Sasa niingie ndani ya nyumba zetu, maana mtu wa njiani mwenye bahasha ni nadra. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hongo nyingi anazopewa mtumishi hutoka kwa watu anaokula nao, wala hatuziiti hongo. Kijana anayerudi usiku wa manane humpa kitu kidogo ili aseme alirudi mapema. Baba humwongezea juu ya mshahara na kumwomba, akiulizwa, aseme jana alishinda nyumbani. Mama humpa nguo nzuri na kumsihi asimtaje mgeni aliyekuja mchana, au mkopo uliochukuliwa kwa siri. Mahali penye mzee anayeugua, watoto wa mzee huja mmoja mmoja jikoni, kila mmoja na zawadi yake, wakitaka mtumishi ashuhudie kwamba mzee alisema hivi au vile kuhusu mali yake. Penye udhia penyeza rupia, ndivyo tulivyofundishwa. Na katika nyumba nyingi penye udhia pa kwanza ni kinywa cha anayepika.

Siri ya mtungi muulize kata. Mtumishi hupata siri bila kuzitafuta, kwa kuwa anatandika vitanda, anafua nguo, anapokea wageni na kusikia ugomvi wa upande wa pili wa ukuta. Kila aliye na siri humwona kama mlango ambao lazima ufungwe, kwa fedha au kwa vitisho. Kisha siku siri inapofichuka, wote waliomlipa anyamaze humgeukia kwa pamoja: aliyedanganywa humlaumu kwa kumficha, na aliyedanganya humlaumu kwa kumfichua. Nimezungumza na wafanyakazi wengi waliofukuzwa kazi, na ninasema kwa uchungu kwamba sikumbuki wangapi walifukuzwa kwa uongo ambao haukuwa wao.

Mtu ataniuliza: basi awe mwaminifu kwa nani, ikiwa nyumba yenyewe ina pande mbili? Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu na jibu langu ni hili. Mtumishi anawiwa na uaminifu kwa kazi aliyokabidhiwa, kwa mali iliyowekwa mikononi mwake, na kwa usalama wa wale wasioweza kujitetea ndani ya nyumba, yaani mtoto, mgonjwa na mzee. Hawiwi na uongo wa mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake. Akiulizwa jambo la namna hiyo ana haki ya kusema, “Hilo muulizane wenyewe,” na jibu hilo lisihesabiwe kuwa utovu wa adabu. Lakini akiona mtoto anadhuriwa, hapo kunyamaza kwake si uaminifu tena, hata kama aliyemwomba anyamaze ndiye anayemlipa, na ni juu yetu kuhakikisha kwamba anayesema katika hali hiyo halali nje usiku huo.

Iko namna nyingine ya kupima ambayo inafanywa na watu wema, na kwa hiyo inanibidi niiseme bila kumung’unya maneno. Mwajiri huacha fedha juu ya meza kwa makusudi, au hutia hereni chini ya mto, kisha huketi kusubiri. Ninaowajua waliofanya hivyo waliniambia walitaka tu kuwa na uhakika. Fedha ile haiwezi kuleta uhakika. Anayeogopa ataiacha, na hofu yake tutaiita uaminifu. Mwenye mtoto mgonjwa huenda akaichukua, na dhiki yake tutaiita tabia. Na mjuzi wa mitego ataiacha leo achukue kilicho kikubwa kesho. Juu ya yote, anayetaka kuujua ukweli wa mwenzake ameanza kwa kumdanganya. Na ikiwa mtumishi huyo hajalipwa mshahara wa miezi miwili, basi fedha iliyoachwa mezani ni yake, amewekewa aitazame.

Kisa cha Yusufu mnakijua, wasomaji wa Biblia na wasomaji wa Kurani, kwa hiyo sitakisimulia chote. Alikuwa mtumishi aliyekabidhiwa nyumba nzima ya mkubwa mmoja wa Misri, akashawishiwa na mke wa bwana wake, akakataa, akasingiziwa. Katika kitabu cha Mwanzo, vazi alilolikimbia likibaki mkononi mwa yule mwanamke ndilo linalotumiwa kuwa ushahidi dhidi yake, na hatusomi popote kwamba aliulizwa aeleze upande wake. Sura ya 12 ya Kurani inaongeza jambo ambalo mimi kama mtu wa sheria nalipenda sana: shahidi kutoka katika jamaa za mwanamke mwenyewe anasema itazamwe kanzu, ikiwa imechanwa mbele basi mwanamke amesema kweli, na ikiwa imechanwa nyuma basi Yusufu ndiye mkweli. Ilikuwa imechanwa nyuma. Hapo shauri lingekwisha. Mwenye nyumba alimwambia mkewe aombe msamaha kwa kosa lake, akamwambia Yusufu aachane na jambo lile. Na aya ya 35 inatuambia kwamba baada ya kuziona ishara zote, bado waliona bora wamfunge kwa muda.

Baada ya kuziona ishara. Mama yangu naye alipekuliwa baada ya ishara zote kuonekana. Nyumba ilikuwa imekwisha kujua nani mkweli, na ujuzi huo ndio uliowafanya wasiweze kuendelea kumwona kila asubuhi akipanga vikombe. Nimeona wengi wakidhani kwamba mtumishi hufukuzwa kwa sababu ukweli haukujulikana, na kwamba tukipata njia bora za kuchunguza, kamera au mashahidi, dhuluma itakwisha. Mara nyingi hufukuzwa kwa sababu umejulikana naye, na uso wake umekuwa kumbukumbu ya aibu ya watu wengine.

Kwa hiyo kinga yake haiwezi kutegemea hisia za wenye nyumba, hata wakiwa wema. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba wafanyakazi wa majumbani wenye umri wa miaka 15 na zaidi ni milioni 75.6 ulimwenguni, zaidi ya robo tatu yao wakiwa wanawake, na kwamba takriban wanane kati ya kila kumi wako katika ajira isiyo rasmi. Asiye na mkataba hana mahali pa kurudia anaposingiziwa. Mkataba Na. 189 wa shirika hilo, uliopitishwa tarehe 16 Juni 2011 na kuanza kutumika Septemba 2013, unataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti ya kazi yake kwa namna anayoielewa, alipwe angalau mara moja kwa mwezi, abaki na hati zake za utambulisho mikononi mwake, na pawepo njia za kupeleka malalamiko. Mkataba wa awali zaidi, Na. 158 wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kumtaka mwajiri atoe nafasi hiyo. Si nchi zote zilizoridhia mikataba hii, lakini hakuna sheria inayomzuia mwenye nyumba kuyatekeleza hayo kesho asubuhi kwa hiari yake.

Ningependa tuongeze kwa desturi yale ambayo mikataba haikuyagusa. Siku ya kwanza ya kazi, wakubwa wote wa nyumba wakae na mtumishi na kumwambia kwamba hatatumwa uongo na yeyote kati yao. Akija na habari ya hongo, apokelewe, jambo lipelekwe kwenye vyombo vinavyohusika, naye asifanywe chambo. Kama ushirikiano wake unahitajika, aombwe mbele ya watu, awe huru kukataa, na wote anaoishi nao wajue anachofanya na kwa agizo la nani. Mama yangu angejibu swali la yule mwanamke kama siku ile ya kwanza wote watatu wangekaa pamoja. Kitu kikipotea, kitafutwe na wote na katika vyumba vyote, kikiwamo cha mwenye nyumba, kabla ya jina la mtu kutajwa.

Na akiondoka aondoke na barua. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona lilivyomgharimu mtu. Mama yangu aliondoka mikono mitupu, na katika kila nyumba aliyobisha hodi aliulizwa kwa nini aliacha kazi baada ya miaka 11. Hakuweza kusema kweli bila kutoa siri ya ukoo ambao ulikuwa umemfukuza, na hakuitoa. Alisema tu kwamba walihama. Alipata kazi ya kudumu baada ya karibu miaka miwili. Leo ni mzee, hana mwajiri, na bado akialikwa nyumbani kwa mtu huuacha mkoba wake karibu na mlango, zipu ikiwa wazi.

Nimeleta karatasi na kalamu; ziko kwenye meza iliyo upande wa kulia mnapotoka. Mwajiri yeyote mwenye mfanyakazi wa zamani aliyeondoka bila barua, na anayejua moyoni mwake kwamba mtu huyo hakumkosea, aje tuiandike pamoja: jina lake, miaka aliyofanya kazi, alichokabidhiwa, na kwamba alikirudisha. Nitakuwapo mpaka watu wote wamalize.

Asanteni kwa kunisikiliza.